AUGUSTUS DE MORGAN: MWALIMU WA KUKANUSHA

Katika majarida kama hili letu tumezoea kusoma maisha ya washairi, viongozi na mashujaa. Mara hii nimeamua kukusimulia maisha ya mwanahisabati. Tafadhali usigeuze ukurasa! Mtu huyu anatuhusu sana sisi wapenzi wa Kiswahili, kwa sababu alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akichunguza jambo ambalo walimu wetu hututahini kila muhula, nalo ni kukanusha.

Hebu tuanze na swali ambalo kila mmoja wetu amelijibu darasani:

Kanusha: Wanafunzi wote wamefika.

Katika somo la Kiswahili tunaandika: Wanafunzi wote hawajafika. Tunapata alama yetu na maisha yanaendelea. Lakini ukiliandika jibu hilo kwenye swali la mantiki katika chama cha hisabati, utakatwa alama. Huko utaambiwa kuwa kanusho ni hili: Kuna angalau mwanafunzi mmoja ambaye hajafika. Sasa nani mkweli, mwalimu wa Kiswahili au mwalimu wa hisabati? Mimi nasema wote wawili ni wakweli, na kabla sijaiweka kalamu chini utaona ni kwa nini. Lakini kwanza tumjue mtu aliyeitwa Augustus De Morgan.

KUZALIWA NA UTOTO WAKE

De Morgan alizaliwa tarehe 27 Juni 1806 katika mji wa Madura, ambao leo huitwa Madurai, kusini mwa India. Baba yake, John De Morgan, alikuwa afisa wa jeshi katika Kampuni ya India Mashariki, ile kampuni ya Waingereza iliyoanza kwa biashara ikaishia kutawala nchi ya watu. Mama yake, Elizabeth, alitoka katika ukoo wa James Dodson, mwanahisabati aliyetoa jedwali za antilogi mwaka 1742. Kwa hiyo hesabu ilikuwa damuni.

Maskini mtoto huyu hakukaa muda mrefu duniani kabla ya kupata pigo la kwanza. Muda mfupi tu baada ya kuzaliwa, jicho lake la kulia lilipofuka. Alipokuwa na miezi saba wazazi wake walimpeleka Uingereza, na alipofika umri wa miaka kumi, baba yake akafariki. Akabaki yatima mwenye jicho moja, analelewa na mama mcha Mungu aliyetamani sana mwanawe awe kasisi.

Shuleni mambo hayakuwa rahisi. Kwa sababu ya jicho lake hakuweza kucheza michezo kama wenzake, na kama mjuavyo, watoto wanaweza kuwa wakatili. Inasimuliwa kwamba mvulana mmoja alizoea kumnyemelea upande wa jicho bovu ili amtishe. De Morgan alivumilia, kisha siku moja akamtegea, akamkamata na kumtandika vizuri. Tangu siku hiyo uchokozi ule ukakoma.

Hakuna aliyejua kwamba kijana huyu alikuwa na kipawa cha hisabati hadi alipokaribia miaka 14. Rafiki mmoja wa familia alimkuta akichora kwa bidii umbo moja la jiometri kutoka kitabu cha Euclid, kwa rula na bikari, akidhani kwamba kazi ya jiometri ni kuchora picha nzuri. Rafiki yule akamweleza kuwa jiometri sio uchoraji. Jiometri ni kuthibitisha. Basi hapo ndipo mlango ulipofunguka. Tangu siku hiyo De Morgan hakutosheka na jambo lolote mpaka aone limethibitishwa.

CAMBRIDGE NA ILE SAHIHI

Mwaka 1823, akiwa na umri wa miaka 16, aliingia Trinity College katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Huko alifundishwa na mabingwa kama George Peacock na William Whewell. Alipiga filimbi vizuri sana, na alisoma vitabu vya kila aina, hata vile visivyokuwa na uhusiano wowote na mtihani. Mwaka 1827 alipofanya mtihani wa mwisho wa hisabati alikuwa wa nne. Wa nne katika chuo kama kile sio mchezo, lakini waliomjua walitarajia awe wa kwanza.

Sasa sikiliza jambo ambalo liligeuza maisha yake. Ili apate shahada ya uzamili na kisha nafasi ya kubaki chuoni kama msomi, ilimbidi atie sahihi kukiri imani ya Kanisa la Uingereza, kanisa lenye ibara 39 za imani. De Morgan alikataa. Hakuwa mtu asiyemwamini Mungu, la hasha! Alikuwa mwamini hadi kufa kwake. Ila hakukubali mtu mwingine amwamulie kwa sahihi mambo ya moyoni mwake.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji afungue macho. Mtu akiambiwa aseme kwamba anakubali ibara zote 39, naye akakataa, je, amesema kwamba anazikataa zote? Hapana. Huenda anakubali 38 na moja tu ndiyo inayomkwaza. Kukataa kusema zote nakubali ni tofauti kabisa na kusema zote nakataa. Mtu asiyejua kukanusha vizuri angemwita De Morgan kafiri. Anayejua kukanusha angeona kuwa ni mtu anayetaka kusema kweli tupu.

Kukataa huko kulimgharimu. Kijana mwenye akili za namna ile akaondoka Cambridge bila nafasi, akaenda London kusomea sheria, kazi ambayo moyo wake haukuipenda.

MWALIMU WA LONDON

Mungu hamtupi mja wake. Wakati huo huo, mwaka 1826, watu waliochoka na masharti ya dini walikuwa wameanzisha chuo kipya mjini London. Ahadi ya chuo hicho ilikuwa kwamba hakuna mwanafunzi wala mwalimu atakayeulizwa dini yake. Mwaka 1828 De Morgan aliteuliwa kuwa profesa wa hisabati wa kwanza wa chuo hicho. Alikuwa na umri wa miaka 21 tu, na hakuwa amechapisha kitabu hata kimoja!

Mwaka 1831 profesa mwenzake wa somo la mwili wa binadamu aliachishwa kazi. De Morgan aliona haki haikutendeka, akajiuzulu. Hakuwa na mali ya kutegemea. Aliishi kwa kuandika na kufundisha watu binafsi. Mwaka 1836 aliyechukua nafasi yake alikufa maji, naye De Morgan akaombwa arudi. Alirudi, akafundisha kwa miaka 30 mfululizo.

Alikuwa mwalimu wa namna gani? Baada ya kila somo aliwapa wanafunzi maswali, nao wakarudisha majibu, naye akayasahihisha kabla ya somo lililofuata. Hakupenda kabisa tabia ya kukariri vitabu kwa ajili ya mtihani. (Wale wanaokesha wakikariri usiku mmoja kabla ya mtihani na wasikie!) Alimfundisha kwa barua Ada Lovelace, yule mama anayekumbukwa kwa maandishi yake kuhusu mashine ya kukokotoa ya Charles Babbage. Aliandika makala zaidi ya 700 katika ensaiklopidia moja ya bei nafuu iliyokusudiwa watu wa kawaida.

Mwaka 1837 alimwoa Sophia Frend, binti ya William Frend, ambaye pia alikuwa amefukuzwa Cambridge kwa sababu ya imani yake. Ndege wenye manyoya sawa huruka pamoja! Walijaliwa watoto saba. Mmoja wao, William, alikuja kuwa mfinyanzi na mchoraji wa vigae maarufu.

Alipenda pia vitendawili. Kimoja kilihusu umri wake mwenyewe: alisema kuwa alikuwa na umri wa miaka x katika mwaka x mara x. Ukipiga hesabu utaona 43 mara 43 ni 1849, na mtu aliyezaliwa 1806 alitimiza miaka 43 mwaka huo. Kama yupo mwalimu wetu aliyezaliwa 1980, naye anaweza kujivuna, kwa kuwa alitimiza miaka 45 mwaka 2025, na 45 mara 45 ni 2025.

KANUNI ZAKE ZA KUKANUSHA

Tangu zamani za Aristotle, aliyeishi karne ya nne kabla ya Kristo, watu walijua aina nne za kauli: wote ni hivi, hakuna aliye hivi, baadhi ni hivi, na baadhi si hivi. De Morgan alizichukua kauli hizi akazitazama kwa jicho la mwanahisabati. Mwaka 1847 alitoa kitabu chake kiitwacho Formal Logic. Kanuni mbili ambazo leo zinabeba jina lake huwa ni rahisi hivi:

Ya kwanza: Ukikanusha kauli mbili zilizounganishwa kwa na, kila moja hukanushwa na kiungo huwa au.

Ya pili: Ukikanusha kauli mbili zilizounganishwa kwa au, kila moja hukanushwa na kiungo huwa na.

Ni kweli kwamba wanachuoni wa kale, kama William wa Ockham wa karne ya 14, walikuwa wamekwisha kuligundua jambo hili. Lakini De Morgan ndiye aliyelileta katika hisabati, na jina likabaki lake.

Tuchukue mfano. Katika dawati moja wanakaa Achieng, Barasa na Chebet. Kiranja anasema kuwa wote watatu wamefika. Maana yake ni kwamba Achieng amefika na Barasa amefika na Chebet amefika. Tukitaka kuonyesha kuwa kiranja amesema uongo, tunahitaji nini? Inatosha mmoja awe hayupo. Yaani: Achieng hajafika au Barasa hajafika au Chebet hajafika. Tazama, ile na imekuwa au. Sasa fikiria darasa lote la watu 40 badala ya dawati moja. Kauli ya wote ni mlolongo mrefu wa na, na kanusho lake ni mlolongo mrefu wa au. Mlolongo huo wa au kwa ufupi ndio unaosemwa: Kuna angalau mmoja ambaye hajafika. Ndiyo sababu mwalimu wa hisabati anakata alama.

Kanuni ya pili sisi Waswahili tunayo mdomoni kila siku. Mpishi akisema kuwa leo tutakula githeri au ugali, anayekataa husema hatutakula githeri wala ugali. Neno wala ni kanuni ya De Morgan iliyojificha katika lugha yetu. Linakusanya mawili na kuyakanusha yote. Lakini angalia usilitumie pasipo mahali pake. Mtu akikwambia alinunua kalamu na daftari, nawe unajua hakununua daftari, ukisema hakununua kalamu wala daftari umemsingizia. Sema hakununua vyote viwili.

Tuje sasa hapa kwetu Bonde la Ufa. Mgeni anashuka stendi ya Nakuru, anaona magadi meupe kando ya ziwa, kisha anatangaza: Maziwa yote ya Bonde la Ufa nchini Kenya ni ya magadi. Je, tunamkanushaje? Hatuhitaji kusema kwamba hakuna ziwa la magadi, maana huo utakuwa uongo mwingine; Nakuru, Elementaita na Bogoria ni ya magadi kweli. Tunasema tu: Kuna angalau ziwa moja lisilo la magadi. Kisha tunamwonyesha Naivasha, ambalo maji yake hayana chumvi. Ziwa hilo moja linatosha. Baringo ni nyongeza.

Ukiyafuata mambo haya, jedwali la kukanusha linakuwa hivi:

1. Wote wamefika. Kanusho: Yupo angalau mmoja ambaye hajafika.
2. Hakuna aliyefika. Kanusho: Yupo angalau mmoja aliyefika.
3. Baadhi wamefika. Kanusho: Hakuna aliyefika.
4. Baadhi hawajafika. Kanusho: Wote wamefika.

Jihadhari na neno baadhi. Katika mazungumzo ya kawaida mtu akisema baadhi wamefika, tunaelewa kuwa wengine hawajafika. Katika mantiki baadhi ni angalau mmoja, na huenda hata ni wote.

Na kauli zikiwa na maneno mawili ya namna hii je? Tuseme mkutubi anadai: Katika kila darasa kuna mwanafunzi aliyesoma vitabu vyote vya fasihi. Usibabaike. Nenda hatua kwa hatua kutoka kushoto. Kila linageuka kuwa kuna, kuna linageuka kuwa kila, vyote inageuka kuwa angalau kimoja, na kitenzi hukanushwa mwishoni. Jibu: Kuna darasa ambalo ndani yake kila mwanafunzi ana angalau kitabu kimoja cha fasihi ambacho hakukisoma.

De Morgan alifundisha pia kuwa kila kauli ina uwanja wake. Kiranja wa zamu akisema wote wamefika paredi, hasemi juu ya watu wote wa Nakuru. Anasema juu ya wanafunzi wa shule. Kabla ya kubishana, uliza kwanza uwanja ni upi. Mabishano mengi ya bwenini yangeisha hapo.

Aliligusa hata neno wengi. Alionyesha kuwa kama zaidi ya nusu ya watu wana makoti, na zaidi ya nusu ya watu hao hao wana vizibao, basi lazima wapo wenye vyote viwili. Tujaribu na darasa la watu 40: kama 26 wana sweta na 23 wana kofia, jumla ni 49. Watu ni 40 tu. Kwa hiyo angalau 9 wana sweta na kofia, hata kama hujawaona kwa macho.

KISWAHILI KINASEMAJE?

Turudi kwenye lile swali letu. Sentensi ya kwamba wanafunzi wote hawajafika ina maana mbili. Mmoja ataelewa kuwa hakuna hata mmoja aliyefika. Mwingine ataelewa kuwa idadi haijatimia. Mwalimu wa Kiswahili anapotaka ukanushe, anataka ukanushe kitenzi, aone kama unajua kuwa wamefika hukanushwa kwa hawajafika. Mwalimu wa mantiki anataka ukanushe kauli nzima. Ndiyo maana nilisema wote wawili ni wakweli. Mmoja anapima umbo, mwingine anapima ukweli.

Jambo la kufurahisha ni kwamba wahenga wetu walilijua hili kabla ya De Morgan kusikika hapa kwetu. Walisema si kila mwenye makucha huwa simba. Angalia mahali walipoiweka ile si: mbele ya kila! Hawakusema kila mwenye makucha si simba, kwani hapo simba mwenyewe angeshangaa. Waliposema hakuna masika yasiyokuwa na mbu, walitumia makanusho mawili ili kusema kwamba masika yote yana mbu. Lakini ule msemo wa kwamba vyote ving'aavyo si dhahabu, ukiuchukua neno kwa neno, unasema hata dhahabu si dhahabu! Heri tuseme si vyote ving'aavyo ni dhahabu.

Hili sio jambo la utani. Tuseme mwanafunzi wa zamu ameandika katika daftari: Vyumba vyote havikufagiwa. Kumbe ni chumba kimoja tu kilichosahaulika. Mwalimu akisoma kwamba hakuna kilichofagiwa, bweni zima litaadhibiwa, na waliotoa jasho lao watalia pamoja na mvivu mmoja. Neno si likikaa mahali pake linaweza kumwokoa mtu.

MARAFIKI NA MAHASIMU

Kazi ya De Morgan ilimletea ugomvi pia. Profesa mmoja wa Edinburgh, Sir William Hamilton, alimshtaki kwamba amemwibia fikra zake juu ya matumizi ya maneno kama wote na baadhi. (Usimchanganye na William Rowan Hamilton wa Ireland, ambaye alikuwa rafiki wa De Morgan.) Wakarushiana barua na vijitabu, wasomi wakatazama. Vita vya panzi, furaha ya kunguru! Mwalimu mmoja wa shule aliyeitwa George Boole, ambaye hakuwahi kusoma chuo kikuu, alipousikia ugomvi huo aliamsha fikra zake za zamani, akaandika kitabu chake mwenyewe mwaka ule ule wa 1847. De Morgan hakumwonea wivu. Alimpa moyo, wakawa marafiki hadi Boole alipofariki mwaka 1864. Leo kanuni za hawa wawili ndizo zinazofanya kazi ndani ya kila kompyuta na kila simu ya mkononi.

Mwaka 1852 mwanafunzi wake mmoja alimletea swali: Je, kila ramani inaweza kupakwa rangi nne tu bila nchi zinazopakana kuwa na rangi moja? De Morgan alishindwa kuthibitisha, lakini alilisambaza swali kwa wenzake. Ili kulikanusha ingetosha kuchora ramani moja tu inayohitaji rangi tano. Watu walitafuta kwa zaidi ya miaka 100 wasiipate. Mwaka 1976 Kenneth Appel na Wolfgang Haken wa Marekani walithibitisha, wakisaidiwa na kompyuta, kwamba ramani hiyo haipo. Ona basi tofauti: kukanusha wote kunahitaji mfano mmoja, lakini kuthibitisha wote kunaweza kumaliza karne nzima.

MFANO MMOJA TU

Mwaka 1865 De Morgan alikuwa rais wa kwanza wa chama cha wanahisabati wa London, chama ambacho mwanawe George alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Ilionekana kama mzee atastaafu kwa amani. Lakini mwaka 1866 ikatokea nafasi ya profesa wa falsafa na mantiki katika chuo chake. Aliyekuwa na sifa ni James Martineau, mhubiri wa Wakristo wa madhehebu ya Waunitari. Baraza la chuo likamkataa, na De Morgan aliona sababu ni dini yake.

Kumbuka ile ahadi ya chuo: hakuna atakayehukumiwa kwa dini yake. Kauli ya hakuna hukanushwa na nini? Na mmoja tu. Wengine huenda walisema kuwa ni kisa kimoja, chuo bado kizuri, tusamehe. Kwa De Morgan kisa kimoja kilitosha. Aliandika barua ya kujiuzulu, akaondoka katika chuo alichokitumikia tangu ujana wake. Hakutaka hata picha yake ichorwe kwa ajili ya chuo hicho.

Baada ya hapo masaibu yalimwandama. Muda si mrefu akafiwa na mwanawe George, kisha na binti yake. Afya yake ikadhoofika, akafariki mjini London tarehe 18 Machi 1871 akiwa na umri wa miaka 64. Tarehe 16 Juni mwaka huo huo, yaani miezi mitatu tu baadaye, sheria mpya ya Uingereza iliondoa masharti ya kukiri dini yaliyokuwa yamebaki kwa wasomi wa Cambridge, Oxford na Durham. Mlango aliokataa kuupita kwa uongo ukafunguliwa, mwenyewe akiwa kaburini.

TUNAJIFUNZA NINI?

Mpenzi msomaji, sisi wa Nakuru, Molo na Naivasha tunalijua neno wote. Tunajua lilivyotugharimu mwaka 1992, na tena mwanzoni mwa mwaka 2008, watu waliposema kuwa wale wote ni adui, wale wote ni wezi, wale wote waondoke. Kauli kama hiyo haihitaji hotuba ndefu kuikanusha. Inamhitaji jirani mmoja aliyemficha jirani yake chumbani. Inamhitaji rafiki mmoja anayekaa nawe dawati moja. Mmoja huyo akiwapo, na daima yupo, kauli ya wote imekuwa uongo. Sisemi kuwa mantiki pekee inazima moto. Nasema kwamba mwenye kuuliza je, ni wote kweli, huchelewa kuokota jiwe.

Basi kabla sijaaga, jipime kwa maswali haya matatu, ukanushe kauli nzima:

(a) Kila basi la shule lina dereva makini.
(b) Hakuna mwanafunzi anayependa uji.
(c) Kuna mwalimu anayemjua kila mwanafunzi kwa jina.

Majibu: (a) Kuna angalau basi moja la shule lisilo na dereva makini. (b) Yupo angalau mwanafunzi mmoja anayependa uji. (c) Kwa kila mwalimu, yupo angalau mwanafunzi mmoja ambaye mwalimu huyo hamjui kwa jina.

Ukiyapata yote, hongera. Usipoyapata yote, usiseme umekosa yote. Kwaheri ya kuonana.